Ukame na Maji Yetu: Tupime Maneno Kabla ya Kuyaamini



Mvua ikichelewa wiki mbili tu, maneno huwa mengi kuliko mawingu. Sokoni, ndani ya daladala, kilabuni, hata nje ya kanisa baada ya Misa, kila mtu ana sababu yake. Mmoja husema barafu ya Kilimanjaro inakwisha, kwa hiyo na maji yatakwisha. Mwingine husema hakuna jipya, ukame ulikuwako tangu enzi za mababu. Wa tatu hunong'ona kwamba yuko mtu kijijini aliyefunga mvua. Simu za mkononi nazo zimeongeza kasi, maana habari moja huweza kuifikia jumuiya nzima kabla ugali haujaiva.

Pengine utauliza, mambo haya yanahusianaje na afya? Yanahusiana sana. Familia inayoamini kwamba maji yamekwisha kwa sababu ya barafu haitaona haja ya kulinda msitu na chemchemi yake. Familia inayoamini kwamba maji ya kisima kirefu ni salama siku zote huweza kuwaharibu watoto meno na mifupa. Na kijiji kinachoamini kwamba fulani amefunga mvua huweza kumwaga damu isiyo na hatia. Neno lisilopimwa ni kama maji yasiyochemshwa: kwa macho ni safi, lakini tumboni ni ugonjwa.

Kwa hiyo katika makala haya tutazichukua kauli zinazosikika mara kwa mara, tuzipime moja moja, kisha tuone namna ya kupima nyingine sisi wenyewe.

"BARAFU IKIISHA, MAJI YA MLIMA YATAISHA"

Sehemu ya kwanza ya kauli hii ina ukweli mkubwa. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipima barafu ya Kilimanjaro na kuichora katika ramani. Wakati huo barafu ilifunika kilometa za mraba karibu 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mtu mzima yeyote aliyezaliwa Machame, Kibosho, Marangu au Rombo ameona kwa macho yake kwamba kofia nyeupe ya mlima imepungua.

Lakini sehemu ya pili, ile ya maji, haifuati. Watu wengi hudhani kwamba mito yetu na mifongo yetu hutoka kwenye barafu. Wataalamu waliochunguza maji ya mlima wamekuta kwamba sehemu kubwa mno ya maji hayo hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule mkanda wa kijani ulio kati ya vihamba na nyanda za juu. Mvua huingia taratibu ardhini chini ya majani na mizizi, hupita ndani ya miamba, kisha hutokea chini kama chemchemi. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Ukifikiri kidogo utaona sababu: barafu iliyobaki ni kipande kidogo kilichoko juu mahali pakavu, na sehemu yake hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza.

Basi, je, tutulie? La hasha! Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba katika muda wa miaka 70 Kilimanjaro ilipoteza theluthi moja ya msitu wake. Chini uliondoka kwa kukatwa, juu uliondoka kwa moto. Katika miongo mitatu tu, moto uliteketeza karibu kilometa za mraba 150 za msitu ule wa juu unaonasa ukungu. Na mwezi Oktoba 2020 sote tulishuhudia moto mwingine mkubwa ulioteketeza zaidi ya kilometa za mraba 90 za uoto mlimani.

Tazama tofauti yake, ndugu msomaji. Anayeamini kwamba maji ni ya barafu hukunja mikono, kwa sababu hakuna mkulima wa Uru au Mwika awezaye kuirudisha barafu. Anayejua kwamba maji ni ya msitu ana kazi ya kufanya leo: kutowasha moto ovyo, kutokata miti ya hifadhi, kumzuia jirani anayerina asali kwa mwenge wa moto wakati wa kiangazi.

"WALISEMA BARAFU ITAKWISHA 2020, NA BADO IPO. NI UONGO WOTE"

Ni kweli kwamba mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba, kwa kasi iliyokuwapo, barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu kidogo bado ipo. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilisema kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imekwisha ifikapo 2050.

Je, kukosea mwaka ni sawa na kusema uongo? Fikiri juu ya mganga wa zahanati anayemwambia mama mjamzito kwamba atajifungua tarehe 10, naye akajifungua tarehe 24. Tarehe ilikosewa, lakini mimba ilikuwa ya kweli. Vivyo hivyo, mwaka ulikosewa, lakini barafu imeendelea kupungua kila ilipopimwa.

Wataalamu wamebishana pia juu ya sababu. Wapo waonyeshao kwamba hewa ya kilele ilianza kuwa kavu tangu karibu mwaka 1880, kabla viwanda na magari ya dunia hayajawa mengi kama leo, na kwamba ukavu huo ndio ulioanza kuipunguza barafu. Wapo wanaosisitiza mchango wa joto la dunia la miaka hii. Mabishano ya namna hii si aibu. Ndivyo elimu inavyokwenda, kila mmoja akileta vipimo vyake mezani. Aibu ni ya yule anayechukua upande mmoja wa mabishano, akaukata katikati, akauza nusu kama habari kamili.

"UKAME ULIKUWAKO TANGU ZAMANI, HAKUNA KILICHOBADILIKA"

Wazee wetu wanakumbuka ukame wa miaka ya 1973 na 1974, wakati nchi ilipolazimika kununua chakula kingi kutoka nje. Wanakumbuka pia mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998 zilizobomoa barabara na madaraja. Ni kweli basi kwamba ukame na mafuriko si wageni.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Hali ya hewa ni ile ya leo, ya wiki hii, ya msimu huu. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, na wataalamu huhesabu miaka 30 au zaidi. Mtoto akipata homa siku moja, hatusemi ana afya mbovu. Lakini akiwa na homa kila mwezi, na kila mara ikawa kali zaidi, mama mwenye busara atamkimbiza hospitali. Hatajibu kwamba homa zilikuwako tangu zamani.

Dunia kwa jumla imepata joto. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2021 kwamba joto la dunia limepanda kwa karibu nyuzi 1.1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na kwamba sababu kubwa ni moshi na gesi zitokanazo na shughuli za binadamu. Bara letu la Afrika lina hatia ndogo katika hilo, kwani hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia, lakini maumivu tunayapata.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa kusini mwa Ethiopia, kusini mwa Somalia na mashariki mwa Kenya. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua za kutosha. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Mwezi Aprili 2023 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitoa matokeo ya uchunguzi wake: mabadiliko ya tabianchi yalifanya ukame wa namna ile uwezekane angalau mara 100 zaidi. Sababu waliyoitilia mkazo ni kwamba joto lilikausha ardhi na mimea upesi kuliko zamani, hata pale mvua kidogo iliponyesha. Walisema pia kwamba mvua za masika katika eneo lile zinaelekea kupungua, na zile za vuli zinaelekea kuongezeka.

Angalia walivyosema kwa uangalifu. Hawakusema kila ukame, wala hawakusema nchi zote. Walitaja eneo lao na miaka yao. Nasi hapa tulionja makali ya kipindi hicho hicho, maana mwanzoni mwa 2022 ng'ombe wengi walikufa Simanjiro, na mwezi Oktoba mwaka huo Dar es Salaam ilianza mgao wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua. Lakini mtu akikuambia kwamba uchunguzi ule ulihusu Tanzania, jua ameongeza chumvi.

"MWAKA 2023 TULIPATA MAFURIKO, BASI HABARI ZA UKAME NI UZUSHI"

Mvua za vuli za 2023 zilikuwa kubwa mno, na tarehe 3 Desemba mwaka huo maporomoko ya matope ya Hanang yaliua watu zaidi ya 80. Tuwaombee marehemu wale, na tusitumie kifo chao kama kichekesho cha kubishania.

Ukweli ni kwamba ukame na mafuriko huweza kutoka katika joto lile lile. Hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Pasipo mvua, hewa hiyo hunyonya unyevu wa shamba. Mvua ikija, huanguka kwa kishindo. Juu ya hayo, joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi hubadilika mwaka hadi mwaka, na mvua zetu za vuli huyafuata sana. Kwa hiyo mwaka mmoja wa mafuriko haufuti ukame, na mwaka mmoja wa ukame hauthibitishi kila kitu.

"MTO UMEKAUKA KWA SABABU MVUA HAKUNA"

Mara nyingine kosa huwa kinyume chake: kila upungufu wa maji husingiziwa ukame. Mfano mzuri ni Ruaha Mkuu. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima katika hifadhi ya taifa ya Ruaha. Tangu 1993 ukaanza kusimama kila kiangazi, na viboko wakabaki kwenye madimbwi ya matope. Wengi walilaumu ukame, wengine wakawalaumu wafugaji peke yao. Waliopima mvua, mito midogo na mifereji ya Usangu walikuta kwamba sababu kubwa ilikuwa maji yanayochukuliwa wakati wa kiangazi kwa ajili ya mashamba, hasa ya mpunga, na mengi yakipotea njiani.

Nasi tujiulize juu ya mfongo wetu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu karibu 650,000 katika mkoa wa Kilimanjaro. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8. Hata kama chemchemi ingetoa maji yale yale, leo hugawanywa kwa watu karibu mara tatu. Zamani kila mfongo ulikuwa na wazee wake, siku zake za zamu na siku zake za kuchimbua tope. Mahali taratibu zile zilipokufa, maji hupotea kabla hayajafika kihamba cha mwisho, na mwenye kihamba hicho huambiwa ni ukame.

"YUKO MTU ALIYEFUNGA MVUA"

Kwa kauli hii jibu ni fupi: hakuna mtu awezaye kufunga mvua. Mvua yetu huletwa na pepo zitokazo baharini, katika eneo lenye upana wa nchi kadhaa. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulizikumba nchi nyingi kwa wakati mmoja. Je, bibi kizee mmoja mwenye macho mekundu angewezaje kuyafanya hayo? Macho yale mekundu ni moshi wa jikoni wa miaka 50. Anayetaja jina la mtu kuwa ndiye mchawi wa mvua anatenda dhambi dhidi ya amri ya nane, na huweza kumsababishia jirani yake kifo. Wenyeviti wa jumuiya wakisikia minong'ono hiyo, wasiinyamazie. Wawaite wahusika, wamjulishe Paroko na serikali ya kijiji mapema.

Wapo pia wasemao kwamba ukame ni adhabu ya Mungu kwa kijiji fulani. Bwana wetu alifundisha kwamba Baba wa mbinguni huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Tusali kuomba mvua, ndiyo, tena kwa moyo wote. Lakini sala isiwe fimbo ya kumpigia jirani.

"PANDA MITI, MVUA ITAKUJA"

Hili ni neno jema lenye kasoro ndogo. Miti kumi nyuma ya nyumba haitaleta wingu. Msitu mkubwa hurudisha mvuke hewani, na msitu wa mlimani hunasa ukungu. Lakini kazi ya kwanza ya miti unayoiona kwa macho ni kulifanya tone la mvua lipenye ardhini badala ya kukimbia na udongo wako hadi mtoni. Kazi hiyo peke yake yatosha kutufanya tupande.

Lakini si kila mti na si kila mahali. Mikaratusi hukua upesi kwa sababu hunywa maji mengi. Inafaa kwa nguzo na kuni, lakini isipandwe penye chemchemi wala ukingoni mwa mto. Hapo panafaa miti ya asili kama mikuyu na mringaringa. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zenye madhara ndani ya meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Ukimwona mtu analima nyanya hadi mdomoni mwa chemchemi, na kupuliza dawa za wadudu hapo hapo, jambo hilo ni la afya ya kijiji kizima.

"MAJI YA KISIMA KIREFU NI SALAMA, NA YAKICHEMSHWA HAYANA NENO"

Hapa, akina mama na akina baba, ndipo watoto wetu walipo hatarini. Chemchemi ikikauka, vijiji vya tambarare hukimbilia visima virefu. Ni kweli kwamba kisima kirefu kilichojengwa vizuri huwa na vijidudu vichache kuliko bwawa. Lakini katika mikoa yetu ya kaskazini, hasa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, miamba ya volkano huyapa maji ya mahali fulani madini ya floridi kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Nchi yetu mwaka 1974 iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8, kwa sababu vyanzo vingine vilikosekana. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na tangu 2018 ni 1.5. Mtoto aliye chini ya miaka 8 akinywa maji yenye floridi nyingi, meno yake ya ukubwani hutoka yakiwa na madoa ya kahawia, nayo hayaoshwi yakatoka. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na miguu huweza kupinda.

Je, kuchemsha husaidia? Kwa vijidudu, ndiyo. Kwa floridi, hapana. Tena maji yakichemka muda mrefu na kupungua, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Chumvichumvi nayo haiondoki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo kabla ya kisima kipya kuanza kutumika, kamati ya maji idai majibu ya maabara kwa maandishi. Wasikubali kuambiwa kwamba maji yanaonekana mazuri, maana floridi haina rangi, harufu wala ladha ya kuitambulisha. Mahali pasipo na chanzo kingine, familia itumie maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto wadogo, na maji ya kisima kwa kufulia na kuogea. Ipo pia njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa, ambayo imefanyiwa kazi na kituo cha Ngurdoto, Arusha. Chujio lake hubadilishwa kwa ratiba, kwa maana likichoka huacha floridi ipite.

MASWALI MATANO YA KUPIMIA NENO

Habari mpya ikija katika simu au katika mazungumzo, jiulize:

1. Nani amesema, na alipima nini? Kama hakuna aliyepima, hayo ni maoni.

2. Ni ya miaka mingapi? Msimu mmoja hautoshi.

3. Ni ya eneo gani? Ya Somalia si lazima yawe ya Same.

4. Nini kingine kimebadilika? Watu, mashamba, mabomba mabovu, mifereji.

5. Nikiamini hili, nitafanya nini, na nani ataumia kama si kweli?

Juu ya mvua ya msimu, msikilize kwanza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema mvua za masika zitakuwa chini ya wastani, hawasemi kwamba hazitanyesha. Wanasema uwezekano mkubwa ni zipungue. Mkulima atachagua mbegu ya muda mfupi, na mama wa nyumba atatengeneza mifereji ya bati mapema.

TUPIME SISI WENYEWE

Misheni kadhaa za zamani mlimani ziliwahi kuandika kiasi cha mvua, na maandishi ya namna hiyo yamewasaidia wataalamu hadi leo. Desturi hiyo yaweza kufufuliwa na vijana wa parokia kwa gharama ndogo. Chukueni kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja, liwekeni mahali pa wazi, na kila asubuhi saa 1 pimeni kwa rula kina cha maji kwa milimita. Andikeni katika daftari, kisha mwageni.

Chemchemi nayo hupimika. Kingeni ndoo ya lita 20 na hesabuni sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi hutoa nusu lita kila sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku. Chemchemi hiyo basi yatosha watu 1,728 kama hakuna tone linalopotea. Pimeni mara moja kila mwezi, mahali pale pale. Baada ya miaka michache mtakuwa na ushahidi wa kupeleka kwenye mkutano wa kijiji, na hakuna atakayewadharau.

NYUMBANI WAKATI WA UKAME

Maji yakiwa machache, wengi huacha kwanza kunawa, na magonjwa huingia kwa mlango huo: kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo, upele na vikope. Familia ya watu 6 ikipata lita 25 kwa kila mtu huhitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Zikipungua, panga hivi: kwanza kunywa na kupika, pili kunawa mikono na nyuso za watoto, tatu kuoga, mwisho kufua. Kwa kunawa tumia kibuyu chirizi au kopo lenye tundu. Maji kidogo yanayotiririka husafisha kuliko beseni moja la watu kumi. Maji ya kusuuzia nguo yamwagilie mchicha.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuni zikikosekana, jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani kwa saa 6, au siku mbili kama kuna mawingu. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa.

Mtoto akiharisha, mpe maji yenye chumvi na sukari mapema. Pakiti ya zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usiache kumnyonyesha. Akilegea, macho yakizama, au akitoa damu, mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi.

Mwisho, usidharau bati lako. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la meta za mraba 40, katika msimu wa milimita 500, hupokea lita 20,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, utabaki na lita 16,000 kama una chombo cha kuzihifadhi. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ndipo ukinge. Funika tangi lisizae mbu. Na paa la kanisa? Kama lina meta za mraba 300, lihesabu mwenyewe, kisha waulize wajumbe wa Halmashauri ya Walei maji hayo huenda wapi kila masika.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Haki hiyo hailindwi kwa uvumi. Italindwa na mfongo uliochimbuliwa, msitu usiochomwa, kisima kilichopimwa na bibi kizee anayelala kwa amani nyumbani kwake. Jumuiya ikikutana wiki hii, baada ya Neno la Mungu, mchague watu wawili wa kwenda chemchemini na ndoo na saa.

Mungu awabariki.